Migeuko 100: daftari la kuipima roboti ya lori

Siku ya 1

Nimeifungua leo. Ni lori jekundu linalogeuka roboti, sentimita 24 ikisimama, gramu 540 kwenye mizani. Karatasi ya maelekezo ina hatua 31. Mgeuko wa kwanza umenichukua dakika 47, na sehemu kubwa ya muda huo imeishia kiunoni, ambapo mchoro unaonyesha mshale mmoja tu ilhali kipande hicho hushushwa kwanza, ndipo kizungushwe. Sikulazimisha. Plastiki ikikataa, mara nyingi ni mkono uliokosea njia.

Nina roboti kumi na moja kabatini, na kila ninapoulizwa ipi ni bora najikuta nikijibu kwa mapenzi tu. Safari hii nataka jibu ninaloweza kulitetea. Nitaigeuza mara 100, lori hadi roboti na kurudi lori ukiwa mgeuko mmoja, na kila kinacholegea, kinachochubuka au kinachobana nitakiandika humu. Alama nitatoa mara mbili: leo, na siku ya mwisho.

Alama za leo: 9 kati ya 10. Sababu kubwa ni uzito. Mapaja na nyayo ni za chuma, baridi mkononi, na ukiiweka mezani inatua kwa kishindo. Mazoea ya kupenda chuma ni ya zamani kuliko roboti zenyewe za kugeuka. Mwaka 1974 kampuni ya Popy ya Japani ilitoa kichezeo cha Mazinger Z, roboti ya katuni, cha aloi ya zinki, ikakiita Chogokin, na tangu hapo wengi wetu tumekuwa tukisoma thamani kwa kiganja: nzito ni nzuri, nyepesi ni takataka.

Siku ya 4, mgeuko wa 15

Muda umeshuka hadi dakika 9. Leo nimeshughulika na umbo la lori peke yake, kwa sababu hapo ndipo mhandisi hana pa kujificha. Roboti inaweza kusimama vizuri hata kama bamba moja la mgongoni linaning'inia. Lori haliwezi. Mabamba yote lazima yakutane kwa wakati mmoja, na kosa dogo la kila bamba linasukumwa mbele hadi bamba la mwisho.

Kipimo changu ni karatasi ya kawaida ya kuandikia. Naipitisha kwenye kila ufa: ikikwama, sawa, ikipita moja, naandika 1, zikipita mbili pamoja, naandika 2. Paa na milango, sifuri. Ubavu wa kushoto, 1. Nyuma ya kabini, ambapo ngumi hufichwa, 2. Kisha naliinua lori kwa kushika mkia wake na kulitikisa mara tatu. Hakuna kilichofunguka. Kisha nalisukuma mezani: matairi yote yanagusa, ingawa la mbele kulia linazunguka kwa kusitasita.

Kitu kilichonifurahisha sana ni vijiti vya kufungia. Kila bamba lina kijiti kinachoingia kwenye tundu, na kwenye roboti hii vijiti vimechongwa ncha kidogo, kwa hiyo vinajitafutia njia. Kwenye roboti nyingine niliyo nayo vijiti ni butu na matundu ni finyu, na kila mgeuko unaacha alama nyeupe pale plastiki inapopindishwa. Alama hiyo nyeupe ni jeraha, na haifutiki. Ukikagua roboti iliyokwisha kutumika, anza kuitafuta kwenye vijiti na kwenye shingo za bawaba.

Siku ya 9, mgeuko wa 40

Rangi. Kwenye kona ya mlango, pale bega linapopita, imeanza kuchubuka, na chini yake plastiki ni nyekundu vilevile, kwa hiyo jeraha halionekani ukiwa mbali. Huo ni uamuzi mzuri wa mtu aliyefikiria. Pale walipopaka fedha juu ya plastiki nyeusi, mkwaruzo mmoja unapiga kelele.

Nyekundu yenyewe si moja. Mabamba ya nje ni ABS, plastiki ngumu inayopokea rangi vizuri. Viungo vya ndani vinaonekana kuwa poliasetali, plastiki yenye utelezi inayostahimili msuguano lakini inayokataa rangi kushika. Ndiyo maana kwenye roboti nyingi bega linatofautiana kidogo na kifua. Zamani nilikuwa nikipunguza alama kwa tofauti hiyo. Nimeacha. Afadhali kiungo chenye rangi iliyopishana kidogo kuliko kiungo kilichopakwa kikapendeza, halafu kikamomonyoka.

Kioo cha mbele ni plastiki angavu, nacho kimeshikwa kwa pini ya chuma. Hapo naangalia kwa wasiwasi. Plastiki angavu haipindi sana kabla ya kupasuka, na pini iliyobana hupasua kuanzia tunduni kwenda nje. Nimemulika kwa tochi. Bado salama.

Siku ya 13, mgeuko wa 62

Leo roboti imeanguka. Nilikuwa nimeisimamisha kama siku zote, mguu mmoja mbele, na baada ya dakika chache ikaegemea nyuma polepole, ikalala. Nimeisimamisha tena, imelala tena. Kifundo cha mguu wa kulia kimelegea.

Nimekaa nacho karibu saa nzima. Goti na nyonga ni viungo vya meno: ndani mna gurudumu lenye meno na springi inayolisukuma, ndiyo ile sauti ya ta-ta-ta unayoisikia ukikunja. Hivyo viko imara kama siku ya kwanza. Lakini kifundo ni tufe la plastiki ndani ya kikombe cha plastiki, halina meno, linashikwa na msuguano tu. Na kilichoning'inizwa kwenye tufe hilo ni unyayo wa chuma. Kila ninapogeuza, unyayo unazungushwa nusu duara kwa uzito wake wote, na kila mara tufe linasagika kidogo. Mguu wa kushoto unafuata njia ileile, umechelewa tu.

Yaani kile kile nilichokipa alama 9 ndicho kinachoila roboti. Chuma kingewekwa kwenye pini na mihimili, mahali kinapobeba mzigo, kingekuwa ulinzi. Kimewekwa kwenye nyayo ili kiganja cha mnunuzi kiridhike, na kiungo kikaachiwa gharama. Naelewa hoja ya upande wa pili, kwamba unyayo mzito unashusha kitovu cha uzito na kuisaidia roboti kusimama. Ni kweli, mradi kifundo kiwe kinakaza. Kikilegea, uzito huo hausaidii tena.

Nimekumbuka pia toleo la Masterpiece, safu ya wakusanyaji, la Optimus Prime, lori maarufu la Transformers. Lile la kwanza la mwaka 2003 lilikuwa kubwa na lenye chuma kingi. Lilipochorwa upya mwaka 2011, likawa dogo zaidi na chuma kikapunguzwa. Zamani niliona hilo kama kubana matumizi. Leo, nikiwa na kifundo hiki mkononi, nalisoma tofauti.

Siku ya 14

Nimetoa kabatini roboti ndogo ya ndege, plastiki tupu, gramu 95, ambayo nimeigeuza kwa miaka bila kuihesabu. Viungo vyote vinakaza. Karatasi haipiti popote isipokuwa chini ya mbawa. Hatua zake ni 14 na kila moja inaeleweka kwa kidole: mbawa zikishuka, mikono inajitokeza yenyewe. Wingi wa hatua huwa tunauhesabu kama ufundi, lakini hatua sita kati ya zile 31 za lori ni za kufungua kijiti ili kukifunga tena mahali palepale.

Siku ya 16, mgeuko wa 70

Matengenezo. Nimefungua skrubu mbili kwa bisibisi ndogo, nikalichomoa tufe, nikalifuta kwa pamba yenye maji ya sabuni na kulikausha. Ili tufe linenepe na kubana tena, wengi hutumia rangi ya kucha isiyo na rangi, lakini ina viyeyushi vinavyoweza kuila ABS. Gundi ya papo hapo nayo, tufe likirudishwa kikombeni kabla haijakauka, kiungo ndiyo basi. Nimepaka vanishi ya akriliki ya maji, tabaka mbili nyembamba, na nikaacha usiku kucha kati ya tabaka na tabaka. Kwa tairi linalositasita nimetumia grisi ya silikoni kiasi cha ncha ya kijiti. Mafuta ya mashine sikuyagusa, kwa sababu yale yatokanayo na petroliamu yanaweza kupasua plastiki taratibu.

Kifundo kinashika. Uzito bado uko palepale, kwa hiyo najua hii ni tiba ya muda.

Siku ya 23, mgeuko wa 100

Dakika 4 na sekunde 20. Nyufa: ubavu wa kushoto umetoka 1 hadi 2, kwingine hakujabadilika. Kioo salama. Rangi imechubuka mahali pawili. Kifundo cha kulia kinashika, cha kushoto kimelegea, nacho kitapakwa vanishi wiki ijayo.

Alama za mwisho: 6. Vijiti na mabamba peke yake ningevipa 9 bila kusita.

Thamani ni hesabu nyingine, na nimeitenganisha makusudi kwenye ukurasa wake. Sokoni thamani inafuata ukamilifu: ngumi, bunduki, karatasi ya maelekezo, stika ambazo hazijabandikwa upande. Lori maarufu kuliko yote, Optimus Prime, lilianza maisha kwenye safu ya Diaclone ya kampuni ya Takara ya Japani mwaka 1983, kabla Hasbro ya Marekani haijalipa jina hilo mwaka 1984, na leo ngumi zake ndogo za kuchomeka ndizo hupotea kwanza na ndizo huulizwa kwanza. Toleo likitengenezwa upya, bei ya lile la kale hutikisika. Na kuna roboti za mwishoni mwa miaka ya 1980 zenye plastiki ya dhahabu inayobomoka hata ikiwa ndani ya boksi ambalo halijawahi kufunguliwa. Zile zina bei, lakini mkono haupaswi kuzigusa.

Yangu nitaendelea kuigusa. Daftari lina kurasa tupu za kutosha kwa migeuko mingine 100, na safari hii naanza kwa kutafuta pini ya chuma ya milimita 2 ya kubadilishia lile tufe la kifundo.