Makapi ya chikichi sio uchafu jamani

Juzi nimepita kwa jirani mmoja hapa Mwandiga, Kigoma, ana mashine ya kukamua mawese, nikakuta anashusha kuni gari zima na nyuma ya banda lake kuna kichuguu cha makapi kinaoza tu. Roho iliniuma aisee, maana hata mimi miaka kadhaa nilikuwa nafanya hivyohivyo, hela ya kuni inatoka kila wiki na moto nimeurundika uani.

Chukua makapi yaliyotoka kukamuliwa uyabane, kiganja kinabaki cha njano, mafuta bado yamo! Yakikauka yanashika moto fasta, na siku hizi pipa langu la kuchemshia chikichi za leo linachemka kwa makapi ya jana, kuni naongezea masika tu yakigoma kukauka.

Kokwa ndo usiseme. Tunazianika, akina mama wanapasua, ndani inatoka mise, mafuta yake ni ya sabuni, mashudu wanakula ng'ombe, na yale maganda magumu yana moto mkali kuliko kuni. Mikungu mitupu nayo, ambayo ni kama kilo 20 kwa kila kilo 100 za mkungu mzima, inarudi shambani chini ya michikichi maana ina potasiamu nyingi.

Kilichonisumbua ni maji machafu yanayobaki baada ya kukamua mawese. Nilikuwa nayaachia yaende kijitoni, mpaka mama mmoja akaja na ndoo yake akaniwekea miguuni, juu imetanda utando wa mafuta, akasema mwanangu, haya ndo tunafulia nguo za watoto. Sikuwa na jibu. Na sio mafuta tu, yale maji yakioza yanamaliza hewa mtoni, samaki wanakufa. Nikachimba mashimo matatu yanayopokezana, mafuta yanayoelea nayaengua yanaenda kwenye sabuni, tope nachanganya na mikungu iliyokatwakatwa inakuwa mbolea. Malaysia kuna viwanda vinafunika mabwawa ya maji haya vinavuna gesi na kuzalisha umeme, na mimi nautaka huo mtambo hata uwe mdogo wa pipa mbili, aliyewahi kuujenga huku Kigoma anitafute tafadhali.

Jirani nimempelekea gunia moja la makapi makavu, nikamwambia ndugu yangu jaribu pipa moja tu. Leo asubuhi katuma kijana, anaomba turubai la kuanikia.