Mpira gani wa gofu unakufaa? Anzia kwenye grini, sio kwenye draiva

Watu wakikaa klabu baada ya raundi swali la mipira halikosekani, aisee wewe unapiga mpira gani, na ukimuuliza mwenzio yeye anatafuta nini kwenye mpira jibu ni moja tu, unaoenda mbali. Hapo ndo hela zinapotea. Mipira mipya ya kampuni zinazoeleweka yote inaenda mbali, maana R&A na USGA, wale wanaotunga sheria za gofu duniani, walishafunga mlango kitambo, uzito usizidi gramu 45.93, kipenyo kisipungue milimita 42.67, na hata spidi ya mpira kuondoka kwenye fimbo ina kikomo chake. Kwa hiyo ukiupiga na draiva, ile fimbo ya kupiga mbali, ule wa bei mbaya na wa kawaida wanapishana hatua chache tu, na kwa sisi wa hendikapu 18 kupanda juu, yaani wachezaji wa kawaida tu, ambao mkwaju mmoja uko feawei, kwenye njia ya nyasi zilizokatwa, unaofuata uko mitini, hizo hatua chache hata hatuzioni.

Utamu uko mita 50 kutoka bendera kuingia ndani, kwenye grini, lile eneo la nyasi fupi lenye shimo. Angalia ganda la nje, hilo tu, mengine baadaye. Kuna ganda la yurethani, laini, mifereji ya weji, fimbo ya mikwaju mifupi, inaling'ata vizuri, mpira unatoka na spini, yaani unazunguka kinyumenyume, unatua unaruka mara moja au mbili unashika breki. Halafu kuna ganda la ayonoma, gumu zaidi, linavumilia lami na mawe, ila kwenye weji linateleza na mpira ukitua unaendelea na safari. Mipira kama Pro V1, TP5 na Z-Star ni yurethani. Supersoft na Soft Feel ziko upande wa ayonoma, na zina bei ya kibinadamu.

Usiniamini mimi, nenda grini ya mazoezi na mpira mmoja wa kila aina, simama kama hatua 20 hivi kutoka bendera, chukua weji ya nyuzi 56 uchipu yote, mkwaju mfupi wa kuingiza grini, kwa nguvu ileile, piga hata mara tano tano. Usiangalie umekaribia shimo kiasi gani, angalia umbali kati ya alama uliyotua na pale mpira ulipolala. Wa yurethani utaukuta karibu na alama yake, ule mwingine umetambaa mbele huko. Sasa jiulize wewe unachipu vipi. Kama kila ukiwa pembeni ya grini unachomoa ayoni namba 8, fimbo isiyorusha juu kama weji, unausukuma ukimbie chini kwa chini, yurethani unailipia bure, huo mchezo wako hauhitaji spini. Ila kama unapenda kuurusha juu utue usimame, na grini unazochezea ni ngumu, basi ayonoma itakutesa kila wiki.

Jambo ambalo naliona kila Jumamosi ni begi la mchanganyiko. Mtu ana mipira ishirini na kitu ya kuokota kanunua kwa vijana, hakuna miwili inayofanana, shimo la nne kapoteza wa yurethani la tano anatoa wa ayonoma, chipu ileile inapitiliza mita tatu, anaanza kukasirika na mkono wake, mara anamgeukia kedi, anayembebea begi! Mimi sina shida na mipira ya mitumba, nanunua sana tu, sharti langu iwe ya aina moja. Na ikague, upitishe kucha kwenye vile vibonyeo, kama vina kina kifupi na mpira unang'aa kupita kiasi huo umepakwa rangi upya. Vibonyeo si urembo, mpira ukiwa laini tupu kama yai hewa inauburuza nyuma na unaenda kama nusu tu ya safari yake. Wenye rangi ya chai umelala bwawani muda mrefu, achana nao.

Halafu hii ya kwamba mwenye swing ya taratibu lazima apige mpira laini ili uende mbali, hapana. Ulaini ni raha ya mkono na ile sauti ukiwa unaputi, unausukumia shimoni, ukipenda mlio wa chini chukua laini, ukipenda wa tik chukua mgumu, basi. Na namba iliyoandikwa juu ya mpira, 1 hadi 4, haihusiani na ubora kabisa, ni ya kutofautisha wako na wa mwenzio, weka na alama yako ya kalamu juu yake maana ukipiga mpira usio wako kwenye stroke play, mchezo wa kuhesabu mikwaju yote, ni mikwaju miwili ya adhabu na bado unarudi kurekebisha.

Mazingira nayo yana lake. Dar upepo wa bahari ukiwa usoni, mpira wenye spini nyingi kwenye draiva unapanda juu unasimama hewani kisha unadondoka kama umekatiwa umeme, hapo nachagua unaoruka chini. Ukienda Arusha, mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari, hewa nyepesi, mpira uleule unaongeza umbali na hata slaisi, ule mkwaju unaokata pembeni, haipindi sana kama nyumbani, kwa hiyo usirudi Dar ukasema umepata mpira wa maajabu.

Kwenye kununua, maduka yetu hayana uchaguzi mkubwa, wengi tunaagiza kwa mtu anayetoka Dubai au Johannesburg. Mtumie picha ya boksi, sio jina tu, maana Pro V1 na Pro V1x kwa asiyecheza ni kitu kimoja. Na hesabu mipira unayopoteza kwa raundi kwanza. Ikizidi mitatu, agiza ayonoma dazeni mbili, yurethani isubiri mpaka draiva ikae sawa.