Namba za nguzo: nilivyohangaikia taa za mtaa wetu Houston

Natoka nyumbani saa kumi na robo alfajiri. Kazi yangu ni kufua mashuka katika hospitali moja kule Texas Medical Center, na basi langu ni namba 2, la Bellaire, nauli dola 1.25. Kutoka mlangoni kwetu hadi kituoni ni mwendo wa dakika kumi na tatu. Tangu mwezi wa tisa mwaka 2023, dakika zote hizo zilikuwa za kutembea gizani.

Anayeijua Gulfton ataelewa upesi. Mtaa huu uko kusini-magharibi mwa Houston na umejaa nyumba za kupanga za ghorofa mbili na tatu. Nyingi zilijengwa miaka ya 1970 kwa ajili ya vijana waliofuata kazi za mafuta. Bei ya mafuta ilipoporomoka miaka ya 1980 vijana wakaondoka, kodi ikashuka, wakaingia wahamiaji: kwanza watu wa El Salvador, Guatemala na Mexico, kisha wengine wa kila upande, mpaka sisi Wakongo tuliotoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania. Kila kundi la nyumba lina uzio wake wa chuma, na uzio mmoja unaweza kwenda mbali bila upenyo wowote. Njia ya mkato hakuna. Unafuata barabara kubwa, uzio mkono huu, magari mkono ule. Taa za barabarani zikizimika, hata mwanga wa nyumba za watu haukufikii, maana madirisha yameelekea ndani.

Mume wangu alinisindikiza kwa tochi ya simu kila alipokuwa hana zamu ya usiku. Siku nyingine nilikwenda peke yangu huku nikiimba moyoni.

Mwezi wa kumi na moja jirani yangu, mama mmoja wa Fizi kule Kongo, alijikwaa mahali ambapo mizizi ya mti imeinua zege la njia ya miguu. Akaanguka, akavunjika kifundo cha mkono. Wiki saba hakufanya kazi, na kazi yake ni ya saa: usipoingia hulipwi. Nilimpelekea sombe na ugali, nikamkuta ameketi na mkono uliofungwa plasta mapajani. Akaniambia, "Dada yangu, kule kambini pia palikuwa na giza, lakini kila shimo tulilijua." Nilirudi nyumbani nikakosa usingizi.

Kesho yake nilipiga 311, ambayo ni simu ya huduma za jiji. Dada aliyenipokea alinieleza kwa upole kitu nilichokuwa sikijui. Barabara ni ya jiji, na jiji ndilo linalolipia taa, lakini nguzo na taa zenyewe ni za kampuni inayosambaza umeme. Taarifa za taa zilizozimika zinapelekwa huko. Akaniuliza, "Una namba za nguzo?" Sikujua hata kama nguzo zina namba.

Naona nilianza kuielewa Houston siku hiyo. Sisi tulizoea mwenyekiti wa mtaa, au kiongozi wa kijiji pale kambini: shida yoyote unampelekea yeye. Hapa kila kitu kina mwenyewe. Barabara ni ya jiji. Basi na kituo chake ni vya METRO, mamlaka ya usafiri yenye bodi yake. Shule ni za wilaya ya elimu ambayo si ya meya, na tangu mwezi wa sita mwaka 2023 inaendeshwa na watu walioteuliwa na serikali ya jimbo. Mito na mifereji mikubwa, wanayoiita bayou, iko chini ya mamlaka ya kaunti ya kuzuia mafuriko. Kaunti nayo inaongozwa na mtu anayeitwa jaji, ingawa shughuli yake kubwa ni bajeti na mipango ya dharura, na nilichelewa sana kuelewa kwamba si wa kupelekewa kesi. Ukibisha mlango usiohusika utarudishwa kwa heshima zote, nawe utakuwa umepoteza mwezi.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, nilitoka na mwanangu wa miaka kumi na miwili na daftari lake la shule. Namba ziko kwenye kibati kidogo kilichopigiliwa kwenye nguzo, tarakimu sita. Kibati kimoja kilikuwa kimepakwa rangi, ikabidi tuikwangue kwa ufunguo. Kingine kilifunikwa na tangazo la mtu anayenunua nyumba kuukuu. Nguzo mbili hazikuwa na kibati kabisa. Mwanangu ndiye aliyewaza tuandike namba ya jengo linalotazamana nazo na jina la barabara. Tulihesabu nguzo kumi na moja, na jioni tulirudi kuangalia zipi zinawaka. Zilizozimika zilikuwa tisa.

Tuliziripoti moja moja, na pembeni ya kila namba nikaandika tarehe. Baada ya wiki mbili taa nne ziliwaka. Nilifurahi mno, nikapiga picha nikamtumia mama yangu aliye Kigoma. Tano zilizobaki, kila nilipopiga simu jibu lilikuwa lilelile: linashughulikiwa. Tulipokwenda kuzitazama mchana tuliona vifuniko vya chini vimefunguliwa na nyaya zimekatwa. Wezi wa shaba. Basi haikuwa kazi ya kubadilisha taa tu, na nadhani ndiyo maana ripoti zangu zilikuwa zinazunguka. Mwezi wa kwanza ukapita, wa pili nao ukapita.

Wakati huo jiji lilikuwa limetoka kwenye uchaguzi. Mabango yalijaa kila kona, na mwezi wa kumi na mbili mwaka 2023 John Whitmire alimshinda Sheila Jackson Lee katika duru ya pili ya umeya. Nyumbani kwetu tulifuatilia kama watazamaji, kwa kuwa tulifika Marekani mwaka 2019 na uraia ulikuwa bado. Nilidhani mtu asiyepiga kura hana la kusema.

Aliyenitoa kwenye fikra hizo ni kaka mmoja Mkenya wa kanisani kwetu, mwenyeji wa hapa tangu miaka ya 1990. Alinieleza kwamba baraza la jiji lina madiwani 16: kumi na mmoja wanatoka katika wilaya zinazoitwa kwa herufi, yetu ikiwa J, na watano wanachaguliwa na jiji zima. Meya wa Houston ana nguvu kuliko mameya wa miji mingi, kwa sababu ndiye anayepanga ajenda ya baraza. Mwezi wa kumi na moja mwaka 2023 wapiga kura walipitisha kwamba madiwani watatu wakiungana nao wanaweza kuingiza jambo kwenye ajenda. "Lakini wewe," akasema, "huhitaji ajenda wala uraia. Jumanne ni siku ya wananchi kusema. Jiandikishe."

Sikuamini. Nilipiga simu ofisi ya Katibu wa Jiji, na yule mama hakuniuliza karatasi za uhamiaji. Aliniuliza jina, anwani, jambo ninalotaka kusemea, na dakika ninazotaka. Nikasema tatu.

Dakika tatu ni kazi ngumu! Nilipojaribu mara ya kwanza, mwanangu akishika saa ya simu, nilitumia dakika sita na bado sijafika kwenye taa. Nilikuwa nimeanzia vitani. Mtoto akaniambia, "Mama, hao watu wa taa. Waambie taa." Iliniuma, maana hayo niliyoyakata ndiyo maisha yangu, lakini alikuwa na haki. Nikabakiza namba za nguzo, tarehe za ripoti, mkono wa jirani yangu, na hesabu ya watu. Hesabu hiyo niliifanya mwenyewe: asubuhi moja ya mapumziko nilisimama kituoni kuanzia saa kumi na robo hadi saa kumi na moja, nikahesabu watu 31 waliotokea gizani wakija kupanda basi. Wengi wao wanawake, wenye sare za hospitali na za hoteli. Jirani yangu alizunguka na mimi mlango kwa mlango, tukapata sahihi 64. Baadhi ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, za Waafghani wa jengo la nyuma. Mzee mmoja wa kwao alitukaribisha chai, akasaini, akatuombea.

Jumanne hiyo ya mwezi wa tatu mwaka 2024 niliomba ruhusa kazini, nikapanda reli ya Red Line kutoka hospitalini hadi katikati ya jiji, nikatembea hadi Bagby 901. Ukumbi wa jiji ni jengo la mawe la mwaka 1939, mbele yake kuna bwawa refu la maji na miti mikubwa. Unapita kwenye mashine ya ukaguzi, unapanda ghorofa ya pili. Kikao kilianza kwa sala na kiapo cha bendera. Sala ilinishusha mapigo ya moyo. Wakaitwa watu: mmoja alizungumzia mbwa wasio na wenyewe, mwingine mtaro uliojaa majani, bibi mmoja alikuja kushukuru tu. Kisha nikasikia jina langu likitamkwa vibaya.

Ulimi ulikauka. Nikaweka daftari juu ya meza, nikasoma namba ya nguzo ya kwanza, tarakimu kwa tarakimu, na tarehe tuliyoiripoti. Kisha ya pili. Nilipofika ya tatu niliona mtu mmoja mezani akiandika. Nikawaeleza habari za nyaya zilizokatwa, za watu 31, za mkono uliovunjika. Kengele ililia nikiwa kwenye sentensi ya mwisho, nikaruhusiwa kuimaliza. Diwani mmoja akaniuliza kama naweza kuwaachia zile namba. Nilisema ndiyo, na sauti ilinitetemeka. Msaidizi mmoja alinifuata nyuma ya ukumbi, akapiga picha kurasa mbili za daftari la mwanangu, akanipa kadi yake. Nilimwandikia usiku uleule, na kila Ijumaa baada ya hapo, mistari mitatu tu: nguzo fulani, bado, nguzo fulani, bado.

Wiki ya tatu gari lenye ngazi likaja. Sikuliona, nilikuwa kazini. Nilichoona ni alfajiri iliyofuata: nilifungua geti nikaona kivuli changu mwenyewe mbele yangu kwenye zege. Nikasimama. Taa zote kumi na moja zilikuwa zinawaka mpaka kituoni. Nilimpigia jirani yangu saa kumi na dakika ishirini usiku huo, naye akapokea akidhani kuna msiba.

Raha yenyewe ilikuwa fupi. Tarehe 16 mwezi wa tano upepo mkali ulipiga jiji na kung'oa vioo vya maghorofa ya katikati. Tarehe 8 mwezi wa saba kikaja kimbunga Beryl, na wateja zaidi ya milioni 2.2 wa eneo hili wakakosa umeme. Sisi tulikaa siku nane na joto lile la Julai, watoto wakilala sakafuni penye vigae, chakula cha friji tukikipika chote siku ya pili na kula na majirani. Umeme uliporudi majumbani, taa sita za barabara zilibaki zimezimika. Safari hii sikuhangaika kutafuta mlango. Jioni ileile nilifungua daftari, nikaripoti zote sita, nikamwandikia yule msaidizi. Kufikia katikati ya mwezi wa nane zote zilikuwa zimewaka.

Mwezi huohuo niliapa uraia. Mwezi wa kumi nilipiga kura ya mapema, na katika kaunti yetu ya Harris unaweza kuipigia kituo chochote, hata kilicho karibu na kazini. Karatasi ya kura ni ndefu ajabu, majaji tu wamejaa, na lugha ni nne: Kiingereza, Kihispania, Kivietinamu na Kichina. Meya hakuwepo humo. Zamu yake ni mwaka 2027, na majina ya wilaya J nimeanza kuyafuatilia tangu sasa. Akina mama wa majengo mawili ya jirani wana madaftari yao. Niliwapeleka mimi na mwanangu, tukawaonyesha kibati kilipo na jinsi ya kukwangua rangi.

Ile zege iliyoinuliwa na mizizi bado iko palepale. Nilipouliza 311 niliambiwa kwamba hapa Houston njia ya miguu hutengenezwa na mwenye kiwanja inachopita mbele yake. Basi nimeingia kwenye kumbukumbu za ukadiriaji wa ardhi za kaunti, ambazo ziko wazi kwa kila mtu kwenye intaneti, nikaandika anwani, nikampata mwenye kiwanja: kampuni iliyoko jimbo jingine. Barua ya rejista niliituma Ijumaa iliyopita, na picha tatu ndani yake, moja ikiwa ya mkono wa jirani yangu kwenye plasta.