Sakafu Inacheza

Jumapili usiku

Zawadi alikuwa akinisimulia mambo ya darasani, neno likamponyoka: "Mama, tumekatazwa kukimbia huko juu. Sakafu inacheza." Leo siku ya nne, na bado nalisikia.

Shule yenyewe ni ya mbao na mabati, iko hapa hapa Mukuru, mtaa wetu wa mabanda Nairobi, ni mojawapo ya hizi za APBET, shule zisizo za Serikali za mitaa kama yetu. Imenisitiri sana. Karo napeleka kidogo kidogo na mtoto hafukuzwi. Mwalimu wake wa Gredi ya Nne humjua akija bila kunywa chai. Shule ya umma iko ng'ambo ya barabara ya malori, tena imefurika.

Ijumaa, kwenye mkutano wa wazazi, nikauliza afisa wa kukagua shule alikuja lini mara ya mwisho. Mkurugenzi akanitazama kwa huzuni. "Mama Zawadi, siku hizi hutuamini?" Kimya. Nikatafuta wa kuniunga mkono. Mweka hazina ni mkewe. Mwenyekiti wa wazazi ni shemeji yake. Nikaomba kuona cheti cha usajili, nikaletewa cha kikundi cha kujisaidia. Kile kinasajili watu waliokubaliana kufanya jambo pamoja. Hakuna aliyepanda ngazi kuzikagua mbao. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inataka shule isajiliwe na bodi ya elimu ya kaunti.

Nawaamini, wallahi. Ila mbao zikioza hazijui nani anamwamini nani. Tarehe 23 Septemba 2019, kule Ngando, hapa hapa Nairobi, darasa la ghorofa liliporomoka asubuhi watoto wakiwa ndani. Wanane walikufa. Nadhani wazazi wao nao walimpenda mwalimu.

Kinachonifunga mkono ni kilichofuata: Serikali ilifunga shule nyingi za aina hii, na watoto wakabaki mitaani wakitafutiwa nafasi. Nikiita wakaguzi, je, nitakuwa nimewafungia mlango watoto wa jirani zangu? Mama mmoja aliniambia hivyo hivyo, machozi yakimlenga.

Barua nimeiandika, ya ofisi ya elimu ya kaunti ndogo. Nimeomba waje waikague sakafu na watupe muda wa kuitengeneza. Wazazi watatu wametia sahihi. Kesho Zawadi hapandi ngazi ile. Nitamwomba Mwalimu amkalishe na wadogo wa chini mpaka mtu aje.