Asumini ya Maabara

Chupa yenyewe haikuzidi kidole gumba. Ndani mlikuwa na fuwele nyeupe, bapa, kama magamba ya ngege mdogo, nyingine zimeanza kuingia uwaridi kwa kukaa kwenye mwanga. Ilikuwa 2009, nasoma kemia katika chuo kimoja hapa Kampala. Mwalimu wa maabara akaifungua, akaipitisha mbele ya pua zetu.

"Choo," akasema wa kwanza. Wa pili akabisha: ni naftalini, zile tembe za kufukuzia nondo kabatini.

Mwalimu akacheka. "Nyote mmepata. Hii ni indoli. Imo kwenye kinyesi, na imo kwenye asumini."

Hatukumwamini. Akachovya kipande cha karatasi kwenye nyingine aliyoizimua kwa spiriti mpaka ikawa kama hamna kitu, akakipepea kikauke, akanipa. Nikanusa. Ua kamili halikuwa, ila palikuwa na kitu cha jioni, kizito kidogo, kama uani kwetu baada ya magharibi. Akasema mafuta ya asumini huwa na indoli asilimia 2 au 3 hivi, na kwamba kilo moja ya mafuta hayo hula maua milioni kadhaa ya kuchumwa kwa mkono. Kwa hiyo watengenezaji wengi wa manukato huiunda harufu ya ua hilo kwa kemikali, na indoli huitia makusudi. Wakiiacha, asumini yao hunukia usafi tu, kama sabuni.

Nilipokuwa napima indoli yangu, chembe mbili tatu ziliangukia kikunjo cha mkono wa shati. Sikuziona.

Jioni nikapanda taksi Wandegeya kwenda Kawempe, tumebanana. Tulipofika Bwaise harufu ikapanda. Kila mtu akaulaumu mfereji wa maji machafu wa hapo, na mama mmoja akamwambia konda, "Ssebo, funga dirisha." Likafungwa. Hapo ndipo balaa lilipoanza. Joto la watu likawa linaupasha ule mkono wangu, mfereji tumeshauacha nyuma, na uvundo bado tunao. (Watu wa Bwaise mnisamehe, siku ile mfereji wenu haukuwa na hatia.) Abiria wakaanza kukagua viatu vyao. Nami nikakagua vyangu, kwa bidii kuliko wote.

Bibi yangu alizaliwa Mombasa, akaletwa Uganda na babu aliyefanya kazi ya reli. Majirani walimwita Jaja Mswahili, jaja kwa Kiganda ni bibi. Kando ya mlango alikuwa na mwasumini ndani ya debe, na kila jioni alichuma matumba yangali yamefumba, maana huchanua usiku, akayafunga na mrehani kuwa kikuba.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Simama hapo hapo. Umekanyaga nini?"

Nikamweleza, nikavua shati. Nilidhani atalishika kwa ncha za vidole. Akauleta ule mkono puani, akanusa, akausogeza mbali kidogo, akanusa tena.

"Asumini," akasema. "Lakini iliyolala. Kikuba cha bi harusi siku ya tatu, ukikikuta chini ya mto."

Asumini ya maabara sikuwa nimemtajia bado. Nilikuwa nimemwambia dawa ya chuoni tu.

Shati akalitosa kwenye beseni, peke yake, mbali na nguo nyingine. Kisha akajifuta mikono kwenye kanga, akaniuliza kile kichupa kinauzwa bei gani.