Siku moja kwenye kitalu cha miche ya tini, Tengeru, karibu na Arusha

Saa 12 kasoro alfajiri nimeshafika kitaluni. Julai hapa Tengeru ni baridi, maji ya bomba yanauma vidole. Namwagilia miparachichi na mipasheni, nafagia, nawasha jiko. Mpaka saa 1 hayo yamekwisha.

Kazi ninayoipenda ni ya mitini. Wengi wanaijua tini kwenye Biblia, au kwa sura ya 95 ya Kurani, ila mti wenyewe hawajauona. Wakiuona wanadhani mche wake ni tawi tu lililochomekwa kwenye udongo.

Saa 2 naanza kukata. Nachagua tawi lililokomaa, unene wa penseli au kuzidi kidogo. Kila kipandikizi, yaani kipande cha tawi cha kupanda, kina sentimita 20 hivi na macho manne, zile sehemu machipukizi yanapotokea. Chini nakata moja kwa moja karibu na jicho, maana mizizi hupenda kutokea hapo. Juu nakata mshazari, nisije nikakipanda kichwa chini miguu juu. Utomvu mweupe unatoka papo hapo. Ukikaa kwenye ngozi halafu ukapigwa na jua, unababua. Vidole vyangu viwili vina mabaka mpaka leo.

Utomvu ukishakauka, ndipo nta. Nta ya nyuki naiyeyusha kwenye kopo lililokaa ndani ya sufuria ya maji ya moto. Ikianza kutoa moshi imeshapitiliza, itaunguza jicho. Nachovya ncha ya juu tu, mara moja, natoa, naitia kwenye maji baridi, inabaki na kofia ya njano iliyopauka. Kipandikizi hakina mizizi, kwa hiyo maji yaliyomo ndani yake ndiyo mtaji wake wote. Ukiiacha ile ncha wazi, upepo unayamaliza. Chini siweki nta, huko ndiko mizizi inakotokea.

Saa 4, nta ikiwa imeiva, akaja mama mmoja. Ilikuwa Jumamosi, siku ya soko.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Nifungie hii kumi.”

Alikuwa anaonyesha vipandikizi vya wiki tatu.

“Hivyo bado, mama. Havina mizizi.”

“Mbona vina majani?”

Hapo ndipo watu wanapopotea. Mtini huchipua majani kwa chakula kilichomo kwenye tawi lenyewe, kabla hata mzizi mmoja haujatoka. Ukikipeleka shambani hivyo, majani yanalala siku chache tu, na mti unakufa. Nikamweleza. Nikamletea glasi zangu za plastiki angavu, ambamo mizizi inaonekana bila kugusa kitu. Miche iliyokuwa tayari ilikuwa sita. Akasema anataka kumi, tena inayolingana. Akasema nawafichia wengine, na kwamba mbele huko wanauza kama hivi hivi kwa nusu ya bei. Nikarudia maelezo. Akanijibu amelima kabla sijazaliwa. Nikageuka kuipua kopo la nta, na niliporudi alikuwa ameshang'oa viwili “aone mwenyewe.”

Kimoja kilikuwa kitupu. Cha pili kilikuwa na vizizi vitatu vyeupe, vyembamba kama uzi, na vyote vilikatikia mkononi mwake. Siku 24 za kukilinda.

“Vijana hamtaki biashara,” akasema, akaondoka bila kununua. Mimi fedha naitaka sana, lakini mche usio na mzizi siuzi.

Nta ilikuwa imeganda. Nikaanza upya. Kuanzia hapo saa sikuziangalia tena. Chakula nilikula nimesimama. Nikachanganya mchanga wa mto na vumbi la makumbi ya nazi, nikinyunyiza maji kidogo kidogo. Ukiukamata kwenye ngumi ushikamane bila kudondosha maji, maana maji mengi huozesha vipandikizi. Kuinama, kuchomeka, kubana udongo, kuinama tena. Nilipofika cha 140 mgongo ulikuwa hautaki kunyooka, na jua lilikuwa limeshazama.

Kabla ya kufunga nikakichukua kile chenye vizizi vilivyokatika. Nta ya juu ilikuwa bado nzima. Nikapunguza majani nikakiachia moja dogo, nikakata chini upya, nikakirudisha kwenye glasi na kuandika tarehe ya leo.