Mbunge akisema "nimejenga", muulize haya

Kijitabu cha miradi ya mbunge chenye picha ya mheshimiwa akikata utepe kikifika soko la Ahero au steji ya Njoro, watu huanza kuhesabu madarasa. Si vibaya kuhesabu, lakini idadi peke yake haikwambii kitu mpaka ujue pesa za kila mradi zilitoka mfuko gani, zilikuwa za mwaka gani wa fedha, na kazi imefika wapi. Vijitabu vingi hukwepa hilo la mwisho.

Tuanze na mfuko. Chini ya sheria ya Kenya ya mwaka 2015, NG-CDF, yaani mfuko wa serikali ya kitaifa wa maendeleo ya maeneo bunge, hutengewa angalau asilimia 2.5 ya mgao wa serikali ya kitaifa. Bodi ya mfuko hubaki na asilimia 5, na zilizobaki hugawanywa kwa maeneo bunge yote 290 kwa mujibu wa sheria.  Kwa hiyo mbunge akijisifu kwamba "ameleta" pesa hizo, ajue kwamba zingefika hata kama asingefungua kinywa Bungeni. Sifa au lawama yake iko kwenye namna zilivyotumika.

Zitumike kwa kazi gani? Za serikali ya kitaifa tu: shule za msingi na za upili, ofisi za machifu na manaibu wao, vituo vya polisi, basari (msaada wa karo). Zahanati, chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini viko mikononi mwa kaunti, kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba. Ukiona zahanati kwenye orodha ya mbunge, muulize ilijengwa kwa fungu lipi. Barabara za KeRRA, mamlaka ya barabara za vijijini, nazo hulipiwa na tozo ya mafuta, kwa hiyo greda ikipita Muhoroni usiihesabu kwenye NG-CDF. Wapo wabunge, na MCA (wawakilishi wa wadi) pia, ambao huandika mradi mmoja kwenye vijitabu viwili.

Mradi wa darasa huanzia kwenye mikutano ya wadi. Mwenyekiti wa kamati ya eneo bunge anatakiwa kuiitisha katika mwaka wa kwanza wa Bunge jipya, kisha angalau mara moja kila miaka miwili. Mbunge si mwenyekiti wa kamati hiyo, ingawa ukiwasikiliza kwenye matanga utadhani hundi zinatoka mfukoni mwao. Kamati huchuja maombi na kupeleka orodha kwa Bodi. Ikiidhinishwa na pesa zikiingia, kamati ya mradi, ambayo shuleni mara nyingi ni bodi ya shule yenyewe, hufungua akaunti, huchukua BQ (orodha ya vifaa, vipimo na gharama) kwa afisa wa ujenzi wa serikali, hutafuta mwanakandarasi, na humlipa kwa awamu kulingana na kazi iliyopimwa.

Kazi hukwama mahali panapojulikana. Kwanza, pesa hugawanywa vipande vidogo ili kila kijiji kipate chake. Shule kumi huwekewa msingi mwaka mmoja, na miaka miwili baadaye zote zimesimama kwenye linta, juu tu ya madirisha, nyasi zikiota ndani. Msingi hupigwa picha, lakini hakuna anayeita waandishi wa habari waje kuona plasta. Pili, BQ hunakiliwa kutoka shule nyingine bila kuangalia udongo. Uwanda wa Kano una udongo mweusi unaofura ukinyeshewa na kupasuka ukikauka. Lazima uchimbwe na kutolewa, kisha shimo lijazwe murram na kushindiliwa, na gharama hiyo ikikosekana kwenye BQ kuta zitaanza nyufa kabla ya mtihani wa kwanza. Sehemu za Nakuru zina udongo wa majivu ya volkeno ambao nao hubonyea kwa njia yake. Tatu ni mabati: BQ inasema geji 28, juu ya paa iko geji 30. Namba ikipanda bati linakuwa jembamba, na ukisimama chini huwezi kutofautisha. Mwambie fundi akuonyeshe chapa iliyopigwa kwenye bati kabla hayajapandishwa. Ukiwa upande wa Kakamega au Kisii, angalia pia kama kizuia radi kimo kwenye hesabu, maana ndicho hukatwa kwanza pesa zikipungua.

Sheria huruhusu pia asilimia 5 ya mgao wa eneo bunge iwekwe kando kwa dharura. Dharura ni jambo ambalo halikutarajiwa na haliwezi kusubiri mwaka ujao, kama paa lililong'olewa na upepo au vyoo vilivyozama mto Nyando ulipovunja kingo. Lango jipya la shule si dharura.

Basari zina matatizo yake. Hundi huandikwa kwa jina la shule, haipewi mzazi. Fomu hutaka muhuri wa shule, sahihi ya chifu, nakala ya kitambulisho cha mzazi, karatasi ya karo, na kwa yatima cheti cha kifo. Fomu na hundi zinazorudi ofisini nyingi zina kosa dogo: namba ya usajili imekosewa, mtoto amehamia shule nyingine katikati ya mwaka, au jina la shule kwenye hundi halilingani na jina la akaunti. Hundi isipowekwa benki kwa miezi sita inakufa, na mtoto anarudishwa nyumbani huku kwenye hesabu ikionyesha kwamba amelipiwa. Halafu Hazina ya Taifa hutoa fedha hizi kwa mafungu, na mafungu huchelewa. Basari iliyotangazwa Januari huweza kufika muhula wa pili. Hapo mbunge hana kosa, ila ana kosa akitangaza tarehe ambayo hawezi kuitimiza.

Kuthibitisha haya si kazi ngumu. Mwaka wa fedha hufungwa 30 Juni, hesabu hufika kwa Mkaguzi Mkuu ndani ya miezi mitatu, na ripoti ya kila eneo bunge huwekwa wazi kwenye tovuti ya Mkaguzi huyo. Pita kurasa za majedwali, tafuta sehemu inayotaja miradi iliyokaguliwa kwa macho, kisha basari zisizo na barua za shule kukiri kupokea. Hapo ndipo kijitabu na uhalisia huachana.

Lakini madarasa ni nusu ya kazi, na kwa maoni yetu ni ile nusu ndogo. Mbunge huchaguliwa kutunga sheria na kuiuliza serikali maswali. Chukua miwa. Mbunge wa Navakholo, Emmanuel Wangwe, alidhamini Mswada wa Sukari wa 2022, na Rais akautia sahihi Novemba 2024. Sheria hiyo imerudisha Bodi ya Sukari na tozo ya hadi asilimia 4 kwa ajili ya kuendeleza zao hilo. Hakuna utepe uliokatwa, lakini inamgusa mkulima wa Chemelil na wa Mumias kuliko lango lolote la shule. Maswali kwa mawaziri, ambao tangu 2023 wamerejea kujibu ndani ya ukumbi wa Bunge, yamo kwenye Hansard, kumbukumbu rasmi ya mijadala ya Bunge. Tafuta jina la mbunge wako humo uone mara ya mwisho alisimama kuuliza nini.

Na kama yeye hasimami, unaweza kupeleka ombi la umma mwenyewe chini ya Ibara ya 119. Liandikwe kwa Kiswahili au Kiingereza, kwa heshima, likielekezwa kwa Bunge la Taifa. Eleza tatizo, taja ofisi mlizokwenda kabla na zilivyojibu au kunyamaza, sema kama jambo liko mahakamani au la, kisha sema mnaomba Bunge lifanye nini hasa. Kila anayetia sahihi aandike jina kamili, anwani na namba ya kitambulisho. Lipelekwe kwa Karani wa Bunge au kwa mkono wa mbunge yeyote, hata wa jirani. Karani ana siku saba kuliangalia kama limekidhi masharti. Mengi huanguka kwa sababu mbili: waombaji hawakuonyesha kwamba walijaribu kwingine kwanza, au ombi lenyewe linahusu kazi ya kaunti, na hilo lilipaswa kwenda kwenye bunge la kaunti, pale Kisumu au Nakuru mjini.